Kamera Iliyokata Miguu

Binti yangu Neema alinikuta jikoni, hapa Musoma, nikipaa magamba ya sato, akanisogezea simu puani bila hata kuangalia kwamba mikono yangu ina matumbo ya samaki. "Mama, ninunue ipi?" Kwenye simu kulikuwa na kamera mbili. Moja ilikuwa fupi, nyeusi, haina mbwembwe. Nyingine ilikuwa na lenzi ndefu kama chupa ya chai, na nilijua kabla hajasema neno kwamba moyo wake umeshaangukia kwenye chupa ya chai. Alikuwa amepata kazi yake ya kwanza ya harusi, na kwa vijana wa siku hizi mpiga picha asiye na lenzi ndefu anaonekana kama mgeni aliyekuja kula pilau tu. Nikamwuliza, "Chumba cha bibi harusi kina hatua ngapi?" Akacheka. "Mama jamani, nimekuuliza kamera, wewe unaniuliza chumba!" Nikamwambia ndiyo, nauliza chumba, na kama hajui akapime. Akasema atapima wapi na nyumba yenyewe iko Butiama, kwa mama mmoja mzee anaitwa Mama Wambura, bibi yake na bibi harusi. Kisu kikasimama. Neema akadhani nimejikata.

Sikuwa nimejikata. Nilikuwa nimerudishwa Bunda, mtaa wa Manyamanyama, kwenye studio ya Fundi Zuberi, mwaka niliokuwa na miaka ishirini. Studio ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha wateja: pazia lililochorwa ndege ikipaa juu ya ziwa, kiti cha henzerani, kioo, kitana kilichofungwa kamba ili kisiibwe, na koti moja la suti ambalo nadhani nusu ya wanaume wa Bunda wamepigiwa picha nalo, wanene kwa wembamba. Cha nyuma kilikuwa changu. Kilikuwa chumba cha giza, hatua tatu kwenda na tatu kurudi, taa moja nyekundu, mashine ya kukuzia picha, beseni tatu za dawa na harufu ya siki iliyokuwa ikinifuata mpaka kanisani. Kila asubuhi Fundi Zuberi aliniingiza humo, akavuta komeo lililokuwa nje ya mlango, akatia kufuli, ufunguo akauweka mfukoni mwa kanzu. "Mteja akifungua kwa bahati mbaya, mwanga ukaingia, karatasi zote kwisha," alisema. Nilimwamini. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na alinifundisha vizuri, hilo sitamnyima.

Watu wanaopenda kusimulia uchungu wa ujana wao huwa wanaanza na njaa. Mimi sikukosa chakula hata siku moja. Mkewe fundi alipika kwa mkono wa ukarimu, ugali wa udaga wa muhogo na furu wa kukaanga, na saa saba mchana mlango ulifunguliwa kidogo, sahani ikapita, mlango ukafungwa. Nilikula chini ya taa nyekundu. Ugali mwekundu, samaki wekundu, vidole vyangu vyekundu. Nilijifunza kuchambua miiba ya furu kwa ncha ya ulimi kwa sababu macho hayakusaidia kitu. Nilichokosa ni kitu ambacho nilikuwa naona aibu hata kukitaja kwa mtu, maana ningejibiwa, wewe binti una kazi ya kivulini wenzako wako kwenye pamba juani, unalia nini? Nilikuwa nalia mbali. Nilitaka kuona kitu kilicho mbali na mimi zaidi ya hatua tatu. Jioni nilipotoka jua lilikuwa limeshalegea, na macho yangu yalishindwa kuamini barabara. Nilikuwa na hofu siku zote kwamba ipo siku watanisahau humo ndani, na nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua niielekeze kwa nani.

Ukuta ulionitenganisha na chumba cha mbele ulikuwa wa mbao, kwa hiyo Bunda yote niliijua kwa masikio. Nilisikia wachumba wakigombana nani akae na nani asimame. Nilimsikia Mzee Masatu, fundi cherehani aliyekuwa na mashine yake barazani kwetu, akitania kila mtu. Na zaidi ya yote nilisikia neno miguu. "Usinikate miguu." "Fundi, miguu itaonekana?" "Nimeazima viatu mpaka Kiabakari, halafu visionekane?" Kwetu wakati ule picha ya kichwa na mabega ilikuwa ya kitambulisho, ya kubandikwa kwenye fomu. Picha ya mtu ilikuwa na mtu mzima, kuanzia nywele mpaka soli. Ukimkata miguu alikurudishia picha, tena kwa maneno. Fundi Zuberi aliniambia mapema, "Vero, uso unaweza kutoka vibaya, atasema ndivyo Mungu alivyoniumba. Miguu ikikosekana atasema ni wewe."

Katikati ya mwaka akaja Mama Wambura kutoka Butiama. Nilimsikia kabla sijamwona, sauti nzito isiyo na haraka. Mama yake alikuwa ameanguka, amevunjika nyonga, yuko kitandani, na watoto wameamua wapige naye picha ya pamoja, wote, kabla mambo hayajabadilika. Alisema hivyo, mambo hayajabadilika. Fundi alikuwa na safari ya Musoma kununua karatasi na dawa. Akafungua kufuli, akaniita mbele, mchana kweupe. "Utakwenda wewe," akasema. "Ukileta picha nzuri, kazi zote za nje zitakuwa zako, humu ndani nitatafuta mtu mwingine. Ukiharibu, unarudi ndani, na habari ya nje nisiisikie tena. Umenielewa?" Nilimwelewa mno. Akaweka kamera mbili mezani akasema, "Chagua mwenyewe."

Moja ilikuwa kamera yake ndogo ya siku zote, rangi imechubuka kwenye kona, lenzi fupi inayoona upana. Nyingine aliinunua kwa mtu wa Kiabakari, naye aliipata kwa mzungu aliyekuwa akizunguka mbugani kupiga picha za wanyama. Lenzi yake ilikuwa ndefu, na haikuwa na nyingine ya kubadilisha. Nilisogea dirishani nikachungulia nayo, na upande wa pili wa barabara nikamwona mbuzi, nikaona kengele shingoni mwake, nikaona mpaka kamba ya kengele ilivyokatikakatika. Nusura nilie. Miezi yote ile ya hatua tatu, halafu mtu anakupa kitu kinachokuletea ng'ambo ya barabara mpaka kwenye kope! Leo namwambia Neema kamera haichaguliwi na hamu yako, inachaguliwa na mahali unapokwenda kusimama. Lakini mimi siku ile nilichagua kwa hamu tu. "Hii," nikasema. Fundi Zuberi alinitazama, akaitazama kamera, akasema, "Haya." Hakuniuliza bibi analala chumba cha namna gani.

Chumba chenyewe kilikuwa na hatua nne, na kitanda kilikula mbili. Bibi Nyangeta, mama yake Mama Wambura, alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mdogo, mkavu, macho makali kama ya fundi saa. Watoto na wajukuu walikuwa wamejipanga kando ya kitanda, wamevaa vya kanisani. Kabla sijafungua mkoba, bibi akaamuru, "Nivalisheni viatu." Mama Wambura akatoa chini ya kitanda raba nyeupe ambazo mjukuu alimnunulia, hazijakanyaga udongo hata mara moja, akamvalisha taratibu, huku bibi akiuma midomo kwa maumivu. Shuka likafunuliwa ili viatu vionekane. "Sasa piga," akasema. Nikainua kamera. Niliona pua. Pua yenyewe ilikuwa ukungu mtupu. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, nikaona jicho moja na nusu ya paji la uso. Nikapanda juu ya gunia la mtama lililokuwa kwenye kona, kichwa kikagusa bati, nikaona uso mzima, na nje ya uso hakuna kitu. Nilipoiteremsha lenzi nikaviona viatu, na nje ya viatu hakuna kitu.

Wakaanza kunifundisha kazi, kama ilivyo ada. "Simama mlangoni." Nikasimama mlangoni, kitanda kilikuwa ukuta uleule wa mlango, nikaona mto tu. "Pita dirishani." Dirisha lilikuwa dogo, lilinipa sikio tu. Kaka yake Mama Wambura, mtu mkubwa mwenye sauti ya mnadani, akasema tumbebe mama tumtoe nje, uwanja si upo? Na kweli uwanja ulikuwepo, mpana, umefagiwa, jua limejaa, ile kamera ingestarehe pale. Bibi akageuza kichwa. "Hakuna atakayenibeba," akasema. "Humu natoka mara moja tu, na siyo leo, na siyo kwa ajili ya picha." Kila mtu akanitazama mimi. Nilipaswa kusema, samahanini, nimekuja na kamera isiyofaa, nitarudi kesho na nyingine. Butiama na Bunda si mwisho wa dunia. Lakini niliona kufuli. Niliona beseni tatu, na sahani inapita mlangoni. Nikapanda tena juu ya gunia nikapiga vipande vipande: uso, mikono, viatu, halafu watoto mmoja mmoja, nikibadilisha pembe huku najifanya najua ninachofanya. "Miguu imeingia?" bibi akauliza. "Imeingia, bibi," nikamjibu. Akatabasamu. Wakanipa uji wa mtama na karanga, nikashindwa kumeza, wakasema binti ana haya.

Filamu ile niliisafisha mwenyewe, kufuli likiwa mahali pake. Karatasi ilipokuwa ndani ya dawa uso wa Bibi Nyangeta ukaja polepole, mkubwa, kila mkunjo mahali pake, na mpaka leo sijapiga uso kama ule. Kwa kazi tuliyotumwa haukuwa na maana. Baada ya wiki yule kaka akafika kuchukua picha, nikasikia bahasha inachanwa, kisha mlipuko. "Hii ni nini? Kichwa peke yake! Viatu peke yake! Mama yetu ni kuku mnamkata vipande? Mama yetu ana miguu, na imeota kwenye mwili wake!" Aliitupa bahasha mezani akaondoka. Nilikuwa nimeegemea ukuta wa mbao, mkono mdomoni. Nilisikia cherehani ya Mzee Masatu ikisimama, viti vikasogea. "Lakini Zuberi na wewe," Mzee Masatu alisema, "si ulikuwa unajua ile kamera haipigagi ndani?" Fundi Zuberi akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshiba. "Nilikuwa najua. Huyu binti ana mkono wa dawa, Masatu. Sijawahi kupata mtu wa kusafisha kama yeye. Ukimkatalia kutoka, anakasirika, anaondoka. Ukimwachia achague mwenyewe, akikosea anarudi ndani mwenyewe, wala hakulaumu." Cherehani ikaanza tena.

Nimeishi na maneno yale zaidi ya miaka thelathini, na bado yananichoma. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa amepatia. Sikumlaumu mbele yake. Niliendelea kuingia kila asubuhi kama ng'ombe anayelijua zizi lake, na moyoni nilijihukumu mimi: ni wewe uliyeipenda, ni wewe uliyemdanganya mgonjwa. Siku hizo ndipo nilipoanza kuliangalia komeo. Nilikuwa nimelitazama miezi yote bila kuliona. Kama shida ilikuwa ni mteja kufungua mlango na kuingiza mwanga, komeo la ndani lingefanya kazi ileile. Nilikaa na wazo hilo gizani, naligeuza huku na huku, na lilinitisha kuliko kufuli lenyewe.

Bibi Nyangeta alifariki kabla ya mwezi kuisha. Nilijua kwa sababu Mama Wambura alikuja studio siku hiyohiyo, na nilimsikia akipokea pole. Akaomba ile bahasha aliyoikataa kaka yake. Halafu akauliza, "Yuko wapi yule binti aliyekuja kupiga?" "Yumo ndani, anasafisha," Fundi akajibu. Nyayo zikasogea mpaka mlangoni pangu. Nilisikia kufuli likiguswa. "Mbona umemfungia?" "Mwanga, mama. Mwanga ukiingia kazi inaharibika." "Mwanga," Mama Wambura akarudia. "Na komeo la kuzuia mwanga unaliwekaje nje?" Cherehani ilikuwa imenyamaza. "Mfungulie, nina neno naye." Ufunguo ukalia mfukoni mwa kanzu. Na mimi, niliyeiombea sauti ile ya ufunguo kila siku ya Mungu, nikapaaza sauti, "Msifungue! Karatasi ziko wazi!" Hapakuwa na karatasi. Beseni zilikuwa hazijatiwa hata dawa. Nilikuwa nimekaa chini, sahani ya furu mapajani, naogopa macho ya mwanamke ambaye mama yake nilimwambia miguu imeingia. Mama Wambura alisimama pale kidogo. "Basi," akasema. Nikamsikia akiondoka.

Nilikaa na Fundi Zuberi mpaka mwaka ulipokwisha. Wiki ya mwisho nilinunua komeo sokoni, nikaingia nalo kwenye mkoba pamoja na bisibisi, nikalifunga upande wa ndani huku nimefungiwa kwa nje. Alipofungua tena kuchukua sahani mlango ulikataa. Alisukuma, akasukuma tena, akasema, "Vero?" Nikamaliza kula kwanza ndipo nikafungua, nikapita pembeni yake nikaenda zangu Musoma. Huko niliosha picha za watu wengine, nikanunua kamera yangu ya kwanza, fupi, imechubuka kuliko ile ya Fundi, na kwa kamera hiyo nimepiga ubatizo, harusi na misiba mpaka Mugango. Kila nyumba ninayoingia nahesabu kwanza hatua za kurudi nyuma. Watu hudhani ni ushirikina.

Kwa hiyo Neema alinunua fupi, kwa manung'uniko, na Jumamosi ya harusi tukafika Butiama pamoja. Nyumba imeongezwa vyumba na bati jipya, lakini chumba kile kipo, na sasa ndicho anacholala Mama Wambura. Nywele zimekuwa nyeupe zote, anatembelea mkongojo, sauti ni ileile. Hakunitambua mpaka niliposhikwa na bumbuwazi mbele ya ukuta. Juu ya kitanda, ndani ya fremu moja ndefu ya mbao, zilikuwa picha zangu. Uso juu. Chini yake mikono. Chini kabisa, raba nyeupe. Pembeni watoto, mmoja mmoja. Kati ya picha na picha walikuwa wameacha nafasi ndogo, zilizopimwa sawasawa, na ukirudi nyuma mpaka ukuta wa pili, haki ya Mungu, ulimwona mwanamke mzima amelala kitandani kati ya wanawe.

"Ni wewe," akasema Mama Wambura nyuma yangu. "Wa kwenye gunia." Nikaanza kuomba msamaha, maneno yakanigongana mdomoni, nikamwambia lile la miguu, lile la karatasi, yote. Alinisikiliza huku amekalia kitanda. "Mama alijua kwamba ulimdanganya," akasema. "Ulipotoka tu alisema, yule binti miguu yangu hakuipata, kamera yake inataka uwanja. Lakini amehangaika juu ya gunia kwa ajili yangu. Siku nikitoka humu mkamwite yeye, nje atanipata mzima." Akanyoosha mkono akagusa fremu. "Ndilo neno nililokuja nalo siku ile. Nilikuja kukuchukua uje upige maziko. Gari lilikuwa nje linatungoja."

Nilikaa pembeni yake kitandani. Nikamwuliza ni nani aliyepiga maziko basi. "Hakuna," akasema. "Alikutaja wewe."

Nililia, na yeye aliniacha nilie bila kunibembeleza, jambo ambalo namshukuru. Nje walikuwa wakipiga vigelegele, bibi harusi alikuwa anaingia. Neema akachungulia, akaona sura yangu, akaingia. Mama Wambura akaniambia ana umri wa mama yake sasa, na hajapigwa picha humu chumbani. Akaelekeza mkongojo chini ya kitanda. "Nipe viatu vyangu." Nikamvalisha mwenyewe, cha kulia, cha kushoto. Neema akanikabidhi kamera yake fupi, nikarudi nyuma hatua moja, mbili, mgongo haukugusa ukuta.

"Miguu imeingia?" akauliza.

Niliangalia kwanza. Niliangalia kutoka nywele mpaka soli, halafu nikaangalia tena.

"Imeingia, mama. Yote miwili."

Neema aliuliza kama afunge mlango, mwanga wa nje ulikuwa mkali. Nikamwambia auache wazi.